Mpangaji wa Chumba cha Kwanza

Nyumba ya Baba,
Chumba cha Kwanza.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Bonge,

Habari za huko kwenye baridi? Wifi yangu hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule? Na goti lako, bado linakusumbua kwenye ngazi? Sisi huku wazima. Mimi macho tu ndiyo yananigomea kutunga uzi kwenye sindano, lakini cherehani inanguruma, na mdomo wangu, kama ujuavyo, haujawahi kuugua.

Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani ni uchovu wa kazi. Eti nyumba tumuuzie jirani mwenye duka la saruji, kwa sababu paa limeoza, kodi ya serikali itatumaliza, na tukikopa benki wataichukua. Jibu langu ni hapana. Kama hukuliona, rudia kusoma.

Unaogopa vitu usivyovijua. Nilikwenda mwenyewe ofisi ya kodi, nikataja vyumba vyote sita na pango la kila kimoja, hadi changu. Unaikumbuka sheria ya Baba: anayelala chini ya paa hili analipa. Hata yeye alijilipa kila mwisho wa mwezi, akitoa mfuko wa kulia na kutia wa kushoto. Basi miaka yote tangu atutoke, nimekuwa nikikatwa kodi kwa pango ninalojilipa mwenyewe! Yule mama wa dirishani alicheka hadi akavua miwani. "Jamani dada yangu, mtu hajipangishi! Hicho unaishi wewe, hakiingii humu." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Alipomaliza kucheka alinielekeza vizuri. Gharama za matengenezo zinaondolewa kwenye mapato kabla hawajapiga hesabu ya kodi, na riba ya mkopo wa matengenezo vilevile, ila mkopo wenyewe hapana. Nitunze risiti tu. Na ile ziada niliyowapa watanipunguzia kwenye kodi ijayo. Zimwi lako ndilo hilo, Bonge.

Benki ndiko nusura nigombane. Kijana wa mikopo, tai imemkaba shingo, alining'ang'ania nikope kubwa nijenge ghorofa. Nikamwambia nataka mabati, ghorofa ajenge kwao. Na marejesho ya kila mwezi yasizidi pango la chumba kimoja, ili hata vingine vikikaa vitupu nyumba isiguswe. Alinuna, kisha akakubali. Kilichobaki ni saini yako, maana hati ina majina yetu wawili. Usipotia, mvua zitamkuta bibi wa chumba cha nne amelala na beseni kitandani, na jirani wa saruji atakuwa anachungulia ukutani akisubiri tuchoke.

Chumba kitakacholipa mkopo ni chako. Ndiyo, nimevunja kufuli. Tangu uondoke umekifungia, kitanda na sanduku lako la shule vinalea panya, na wewe hulipi chochote. Sanduku liko kwangu, salama. Sasa anakaa muuguzi wa zahanati, analipa kabla sijagonga mlango. Kasirika tu, lakini kasirika ukiwa umeshika kalamu.

Mimi pango langu naendelea kulitoa. Naliweka kwenye kopo la vifungo, litanunua misumari na rangi. Ofisi ya kodi imenisamehe, lakini Baba sidhani.

Nakukumbuka sana, mdogo wangu, hilo nalo ujue. Njoo ulione paa jipya. Utalala kwangu, kwenye godoro la wageni, na utalipa kama sisi wote.

Shangazi anakusalimu, na binamu yetu fundi bomba anauliza kama bado unakoroma. Nisalimie wifi, wabusu watoto. Mungu awalinde na awarudishe nyumbani mkiwa wazima, na nyumba muikute.

Wako akupendaye daima,
Dada yako,
mpangaji wa chumba cha kwanza, asiyehama.