Tangazo la Tatu

Ngara, Jumamosi alasiri

Mke wangu mpenzi, Mama Eliya,

Mbukwenyi! Nakusalimu kwa salamu ya kwetu, maana huku nikiitoa hakuna wa kuiitikia. Natumaini hujambo wewe na nyumba nzima, na kwamba goti la mama limepata nafuu. Uwele umeota vizuri? Na yule mbuzi uliyesema ana ukaidi wa mwenye mali, bado yupo au mmeshamla? Mimi mwili wangu mzima, ila nimechoka na ndizi. Nikifumba macho naona ugali wa uwele na mlenda.

Vijana waliokuletea barua hii ni Hosea na Dorokasi. Wape maji waoge, wape chakula, ndipo uingie ndani uisome peke yako. Usiisome mbele ya huyo binti. Najua hupendi kuamriwa na mtu aliye mbali, lakini safari hii nitii, halafu nigombeze ukimaliza.

Nilikuja huku kwa miezi mitatu tu, kupanga vitabu vya kanisa vilivyoanza kuliwa na mchwa na kuandika historia ya parishi kabla wazee wanaoijua hawajaisha. Wananiita Mzee Kalani, maana hapa herufi r na l hubadilishana viti wapendavyo. Kazi niliipenda, sitakuficha. Vitabu vya zamani viliandikwa na mwalimu wa kwanza, na mwandiko wake ni mzuri hata unaona haya kushika kalamu baada yake. Kila aliyebatizwa na kila aliyetangazwa ndoa ameandikwa jina lake, jina la baba yake na kilima alikozaliwa, kwa kuwa watu wa huku hawakuulizi kijiji, wanakuuliza kilima. Na Jumapili walikuwa wakisomwa hivyo hivyo, kwa ukamilifu.

Wasomaji wa siku hizi walikuwa wameacha. Walitaja majina mawili ya wachumba, basi. Mimi nikaona ni uvivu. Nikamwambia kasisi kwamba utaratibu wa wazee urudi, naye akasema, "Kama kitabu kinataka, soma." Hakuna mtu mwingine aliyeomba jambo hilo, Mama Eliya. Lilitoka kichwani mwangu mwenyewe.

Sasa, Hosea ni fundi seremala wa hapa, kijana mtulivu, ndiye aliyetengeneza mabenchi ya kanisa. Dorokasi alivuka daraja la Rusumo mwaka juzi pamoja na ule umati wa wakimbizi, lakini hakukaa kambi ya Benaco hata wiki moja. Alitoroka akapokewa na mjane mmoja wa hapa, Bibi Erina, na kazi yake ilikuwa kufua vitambaa vya madhabahu. Walipokuja kuandikisha ndoa nilimuuliza jina la baba. Akasema, "Mzee, lazima?" Nikamwonyesha safu ya kitabu, nikamwambia safu haiachwi wazi. Akanitajia jina, akanitajia na kilima, kwa sauti ndogo sana. Nami niliandika kwa mwandiko wangu mzuri.

Kasisi amekwenda kwenye mkutano wa dayosisi na atarudi Jumanne, kwa hiyo ibada naziongoza mimi. Jumapili ya kwanza nilisoma yote kwa sauti yangu ile unayoisema ni ya mnadani. Kanisa lilikuwa limejaa, na wageni wa kambini huwa hawakosi.

Jumatano alinijia mtu ofisini, nadhifu, mwenye koti. Aliniamkia shikamoo kwa adabu. Akasema, "Tumesikia binti wa mzee yule yu hai. Sisi ni jamaa zake, tumemlilia sana. Anakaa wapi?" Nyumba ya Bibi Erina sikumwelekeza, na si kwa busara, ni kwa sababu nilitaka kumshtukiza binti kwa furaha. Lakini nilimfungulia kitabu akatazama safu zote kwa kidole. Tena nikamwambia desturi ya parishi hii: baada ya tangazo la tatu, mwisho wa ibada, wachumba huitwa mbele waombewe. "Njoo siku hiyo," nikamwambia, "utamwona kwa macho yako." Akashukuru. Akanipa mkono kwa mikono miwili.

Dorokasi alipoleta vitambaa jioni nilimpokea kwa kicheko. "Jamaa zako wamekutafuta!" Aliweka kapu chini. Akagusa mdomo wake, akaniuliza, "Ana jino la dhahabu hapa?" Nikasema analo. Akasema, "Mzee, mimi sina jamaa aliyebaki."

Ndipo aliponieleza. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa huko ng'ambo. Mauaji yalipoanza watu walikimbilia kanisani, naye akafunga mlango kwa ndani, na waliokuja kuuvunja aliwajua kwa majina, maana wengine walikuwa waimbaji wa kanisa lile lile. Binti aliona yote akiwa juu ya dari. Wale watu sasa wako Benaco, ni wakubwa, wanasikilizwa. Wanajua siku moja kutakuwa na kuulizana, na aliyewaona nyuso ni huyu mmoja. Alikuwa amekaa kimya mwaka na zaidi. Mimi nikamtangaza.

Ulimi uliponza kichwa, wahenga walisema, lakini hawakusema ulimi wako ukiponza kichwa cha mwingine unafanyaje. Sikula siku mbili. Nilikwenda polisi, wakanisikiliza vizuri, wakauliza majina ya hao watu, sikuwa nayo. Wameahidi askari atapita kanisani kesho kama hataitwa kambini. Wao ni wachache na kambi ni mji.

Jumapili ya pili binti nilimficha. Nikafikiri nikiacha kusoma kabisa watajua tumeshtuka, basi nikasoma majina mawili tu, la Hosea na la Dorokasi, kama walivyosoma wale niliowaita wavivu. Nikauliza kama yupo anayejua kizuizi. Kwenye benchi la mwisho kulikuwa na watu watatu, na yule wa koti akasimama.

"Mzee Karani," akasema, "hujamaliza. Binti wa nani? Wa kilima gani? Jumapili iliyopita mlisema."

Kanisa zima liligeuka. Mimi nikainamia kitabu. Aliyesimama ni Bibi Erina, na fimbo yake.

"Ni wangu," akasema. "Na kilima ni hiki mlichokalia. Una kizuizi au huna?"

Yule mtu akacheka kidogo. "Sina, bibi. Tutakuja kumwona akiombewa." Wakaketi, wakaimba nasi mpaka mwisho. Wanaimba vizuri, Mama Eliya. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote.

Tangu siku hiyo Dorokasi amelala katika chumba cha vitabu, kati ya masanduku ya waliobatizwa na waliozikwa, nami nikiketi mlangoni na kandili kama mlinzi asiye na rungu. Watu wasiojulikana wameonekana kwenye migomba ya Bibi Erina. Na juzi mtu alikwenda karakana kwa Hosea kuagiza jeneza. Hosea akachukua penseli akamuuliza kipimo. Yule mtu akasema, "La msichana. Mrefu kiasi cha mchumba wako." Akasema atakuja kulichukua Jumapili.

Kwa hiyo nimeamua. Kuna lori la msaada linalorudi tupu leo, dereva ni mlokole, namwamini. Litawafikisha Nyakanazi jioni na hapo watangoja msafara wa askari, kwa sababu ya majambazi wa msitu wa Biharamulo. Kesho msafara hautoki kabla ya saa tano. Baada ya hapo ni Kahama, kisha Isaka, kisha treni mpaka Dodoma, na wewe. Gari dogo kutoka hapa hadi Nyakanazi ni mwendo wa saa mbili. Watu wale wakijua saa tatu kwamba ndege ameruka, saa tano watakuwa wamefika. Wasipojua mpaka adhuhuri, hawatawapata tena.

Hosea amebeba cheti cha matangazo, kimepigwa muhuri na kimesainiwa nami, kinachosema kwamba ndoa hii imetangazwa mara tatu. Wewe unanijua. Miaka yote ya kalamu sijaandika jambo kabla halijatokea. Leo nimeandika. Basi kesho lazima nilitimize, nisije nikawa nimemtuma binti wa watu kwako na karatasi ya uongo. Na safu ya mwisho ya kitabu, inayotaka jina la kanisa lililopelekewa cheti, nimeiacha wazi.

Mpelekee kasisi wetu cheti hicho upesi, awafungishe ndoa. Mwambie jina la baba asilisome. Majirani wakiuliza, Dorokasi ni mtoto wa upande wangu, na waache waseme hafanani nami, itakuwa bahati yake.

Ibada itaanza saa tatu. Nimechagua nyimbo zenye beti nyingi. Nitasoma Litania, ile sala ndefu, yote bila kuruka, na mahubiri nitahubiri mimi. Ulikuwa ukinisuta kwamba nikipanda mimbari watoto hulala na chungu huungua. Kesho nakuomba uniombee nihubiri vibaya zaidi ya siku zote. Wale watatu watakaa, kwa kuwa niliwaahidi wachumba mwisho wa ibada. Bibi Erina nimemsihi aende kwa kaka yake akakataa, anasema hajawahi kukosa benchi lake la mbele. Halafu nitasoma tangazo la tatu. Itakapokwisha sala nitawaita wachumba waje mbele, na hakuna atakayekuja.

Naogopa. Sikutaka kukuandikia neno hilo, lakini ni wewe.

Vijana wanafikiri kasisi amerudi leo na kwamba yeye ndiye atakayesoma, na mimi ninafuata kwa basi la Jumatatu. Niliwaambia hivyo. Bila hivyo Dorokasi asingepanda lori.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya goti nimeipata lakini Hosea ndiye aliye nayo. Nisalimie shemeji yako mkubwa, na shamba la mpakani tusigombane tena, alime. Mwalimu wa kwaya mpe salamu, asiwaachie vijana ngoma mpya wakaisahau ya zamani. Eliya asome. Mdogo wake mbusu kwenye paji la uso, najua atalifuta.

Dereva anapiga honi. Mama Eliya, kama majuma mawili yatapita nawe hujapata mwandiko wangu, au kama habari itakufikia kwa njia nyingine, usimwambie Dorokasi mara moja. Mwache afunge ndoa kwanza.

Ni mimi mumeo,
Baba Eliya