Niliwapelekea Wakwe Mnazi Ukiwa Gesi

Mama Lois, nakuandikia kutoka hapa Garsen na naomba uniokoe kabla ya Jumamosi, kwa sababu mchumba wangu Mbodze ananiponyoka hivi hivi naona, na kosa langu, kama ni kosa, ni sayansi. Nilisomea kemia chuo cha ufundi, na sisi Wagiriama unajua hatuendi kuposa bila kadzama, yaani mtungi wa pombe ya mnazi wa kuwapelekea wakwe, basi Baba Mdogo Kombe akauleta kwangu siku moja kabla, nami nikawaza, babake Mbodze, Mzee Charo, ni mgema, mnazi utamshangaza nini, afadhali nimwonyeshe kwamba jasho lake linaweza kuwa plastiki, kwa hiyo nikauchemsha wote, nikakinga spiriti yake, nikapitisha mvuke wa spiriti kwenye bomba la chuma lenye unga wa alumina uliopata moto mkali, na unga huo hauishi, ni kichocheo tu, unauondolea mvuke maji, inabaki gesi iitwayo ethilini, ambayo viwandani huunganishwa ikawa majerikeni na ndoo, nami nikafanikiwa kukinga chupa moja ya kioo nikaiziba vizuri.

Tulipofika Baba Mdogo akaitisha mnazi, nikatoa chupa nikasema umo humu. Mzee Charo akaipindua, akaitikisa, akauliza, "Kombe, huyu kijana wako katuletea pumzi?" watu wakaangua kicheko, na kabla sijaeleza shangazi yake Mbodze akafungua kizibo anuse na gesi yangu ikaenda zake, Baba Mdogo akainuka akaondoka bila kuaga. Sasa wamesema tusipofika Jumamosi na kadzama kamili na mbuzi wa kosa, habari ya Mbodze imekwisha. Yeye mwenyewe hajibu meseji, siku ile aliiokota tu chupa akaingia nayo ndani na mpaka leo hajairudisha, na ndiyo chupa pekee niliyo nayo ya majaribio. Je, niwaandikie wakwe barua kuhusu ethilini, au nitume mtu aidai chupa kwanza nikinge gesi nyingine?

Gona, Garsen

Gona mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sababu sikuamini ya kwanza. Eti "kama ni kosa"!

Na sayansi sina ugomvi. Gesi hiyo huivisha ndizi, hutengenezewa plastiki, na kuipata kwenye mimea badala ya mafuta ya ardhini ni jambo la maana. Lakini wewe hukupeleka plastiki, hata kikombe. Ulipeleka chupa tupu, ukataka mgema ashangilie mnazi ambao moto umeshaunywa. Isitoshe, mnazi wenyewe haukuwa wako. Ulikuwa wa Kombe kuusemea na wa Charo kuuonja, na wewe kazi yako ilikuwa kukaa kimya na shati safi. Hata hilo likakushinda! Na hiyo spiriti, polisi wakikukuta nayo wataiita chang'aa, na gesi ikikutana na moto wa jiko lako hutabaki na uso wa kuposea.

Barua usiandike. Kesho nenda kwa Baba Mdogo wako, keti chini, omba radhi, na neno alumina lisikutoke. Jumamosi peleka mnazi uliogemwa asubuhi hiyo hiyo, mbuzi awe mzima, na usiseme mpaka uulizwe. Siku Mzee Charo atakapokuita mkwe, mwombe mnazi yeye mwenyewe, kisha umfungie ndizi mbichi pamoja na gesi yako azione zikiiva. Ataelewa bila hotuba.

Sasa chupa. Umesoma kemia yote hiyo na bado huoni kilicho mbele yako. Nyumba nzima inakucheka, msichana mmoja anainuka, anaiokota aibu yako, anaingia nayo ndani. Angekuwa amekuacha, chupa ungeikuta jalalani, au ingeshakurudia na matusi juu. Ameiweka, Gona. Ole wako ukiidai.

Mama Lois