Murty wa Nani

Eyeries, Beara,
Kaunti ya Cork.
30 Machi 1938

Mpendwa Shangazi Abina,

Pokea salamu za binti wa kaka yako, ambaye sasa ni mke wa mtu! Hujambo huko Butte, Marekani? Na kifua cha mumeo Con, vumbi la mgodi limekiacha kipumue? Sisi tu wazima. Mimi nimezidi: kila asubuhi namtazama Murty akifunga kamba za viatu mpaka uji unaungua.

Tulifunga ndoa Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, kama wote wenye haraka, maana ndani ya Kwaresima padri hafungishi ndoa.

Uliuliza nimeolewa na akina O'Sullivan wepi. Baba mkwe, Mzee Batt, anasema ukoo wao ulitawala nyanda za Tipperary kabla Wanormani hawajausukuma huku kwenye miamba. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiirishi la jicho. Wengine husema babu yao alikuwa chongo. Mzee Batt hununa, anashikilia kwamba lilikuwa jicho jeusi. Murty anayo meusi yote mawili, na akinitazama nayeyuka kama siagi.

Lakini Shangazi, wivu unanila. Unajua huku ukirusha jiwe unampiga O'Sullivan, ndiyo maana kila nyumba hubandikwa jina la pembeni, na watoto na wajukuu hulirithi. Basi mume wangu wanamwita Murty wa Hana! Ni Hana Crowley, ambaye Murty alimfuata kiangazi kizima ujanani akimbebea majani ya ng'ombe, kabla Hana hajaolewa na seremala wa ng'ambo ya kijito. Hata padri humwita hivyo. Nibebe mimba mimi, watoto waitwe wa Hana?

Jumapili nilimkabili Hana nje ya kanisa. Kofia mpya, kiuno bado chembamba, Mungu anisamehe. Nikamwambia aliondoe jina lake kwa mume wangu.

“Lichukue, mdogo wangu,” akasema taratibu. “Mume wangu hajaitwa wa Hana hata siku moja, na kila akisikia wako anaitwa hivyo, hanisemeshi mpaka kesho.”

Nyumbani nikamweleza Murty yote, na machozi juu. Yeye akatoka kwenda kumlisha punda.

Jana, kwenye kituo cha maziwa, karani akaita, “Murty wa Hana!” Murty akabaki anampapasa punda. Karani akaita tena na tena, na foleni nyuma ikaanza kunung'unika kwamba maziwa yataganda.

“Umekuwa kiziwi, bwana?”

“Huyo unayemwita simjui. Mimi ni wa Nonie.”

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Lakini watu wa huku hawakubali mtu ajichagulie jina, na kufikia jioni wote walikuwa wameshampa lingine. Nililia kwa raha, Shangazi. Hata hivyo, Hana akipita barabarani bado navuta pazia.

Nisalimie Con, na wanao Dinny na Nell. Bwana awakinge mgodini na kwenye theluji, na atukutanishe tukiwa hai.

Ni mimi nikupendaye sana,
Nonie,
mke wa Murty Kiziwi