Keria ya Mama

Handali
Jumapili, 9 Februari 2025

Gideoni,

Hujambo? Huku tu wazima, ukiacha goti la Mama. Naandika barua kwa sababu simu zangu hupokei. Hii nimempa dereva wa basi akukabidhi mkononi, usije ukasema hukuiona.

Jirani yetu Priska kanionyesha picha uliyomtumia. Baiskeli ya Baba umeipaka rangi nyekundu, umeng'oa usukani, umeng'oa keria, na wewe umesimama pembeni unacheka. Baba hajamaliza hata miezi minne kaburini. Kikao cha ukoo kilikupa kwa kuwa ndiwe wa kiume, nikanyamaza. Lakini hawakukupa ukaiharibu. Naitaka, na naitaka kama ilivyokuwa.

Dada yako,
Ruthu


Kikuyu, Dodoma
13 Februari 2025

Dada Ruthu,

Shikamoo. Mpe pole Mama. Mimi mzima, ila barua yako imenitia homa.

Nani kakwambia nimeiharibu? Ilikuwa chuma kizito, breki hazishiki. Sasa ina gia ishirini na moja, taa inayowaka tairi likizunguka, na vyuma vya kuning'iniza mifuko mbele na nyuma. Kila asubuhi naendesha mpaka ofisini Mtumba, wenzangu nawaacha kwenye foleni. Likizo ya Juni naenda nayo Kondoa, nikipata nguvu nafika Babati. Baba aliizungusha akihubiri Injili vijijini, mimi naizungusha kwa mambo yangu. Kosa liko wapi?

Keria ile kuukuu yenye ubao na ngozi ya mbuzi nilimwachia fundi Henry wa Makole. Ya kubebea magunia ya nini kwangu? Ukoo ulishaamua. Wewe ni dada yangu, siyo baba yangu, kwa hiyo tusisumbuane.

Mdogo wako,
Gideoni


Handali
Jumapili, 16 Februari 2025

Gideoni,

Salamu zako nimezipata. Zangu usizitafute.

Ile haikuwa keria ya magunia. Kilikuwa kiti cha Mama. Baba alikiunda mwenyewe mwaka ule goti lilipogoma kukunjika. Na kile chuma cha chini ulichokiona takataka, ndipo Mama alipoegesha kisigino. Hivyo ndivyo alivyofika kanisani kila Jumapili. Baba alipopooza, usukani nikaushika mimi. Miaka mitatu, Gideoni. Wewe ulikuja Krismasi na gari la kuazima, ukampakia Mama, ukajiona umemaliza. Hukuwahi kuuliza Jumapili nyingine anafikaje.

Tangu uichukue baiskeli, Mama hajaingia kanisani. Leo kavaa sare yake ya akina mama, kakaa mlangoni mpaka saa ya ibada ikapita, akaenda kuivua. Hakukutaja. Mimi nakutaja: una roho mbaya.

Humu kwenye bahasha kuna kamba yenye mafundo mawili. Ni kipimo cha kutoka nyonga ya Mama hadi kisigino. Usiniandikie mpaka umeifanyia kazi.

Ruthu


Handali
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo. Najua u mzima, maana jana uliponiona naingia uani ulitoka mbio kwenda kulala kwa Priska. Mama kasema nisikufuate, ndiyo maana nakuachia barua.

Miezi miwili sikuandika kwa kuwa ulinikataza. Keria ile Henry alishaikata vipande. Tumeunda nyingine kwa kamba yako. Ya kwanza ilikuwa juu mno, ya pili iliyumba. Hii ya tatu niliikalia mwenyewe, mguu nimeunyoosha, Henry akanizungusha Makole nzima watu wakinicheka.

Leo nimempeleka Mama kanisani. Gia zote zile, na bado pale korongoni nilizama kwenye mchanga. Nikakazana kukanyaga kwa kiburi changu, nusura nimwangushe. Mama akaniambia, "Shuka. Ruthu hapa hushuka akasukuma."

Nikamuuliza, "Kila Jumapili?"

"Kwenda na kurudi. Siku mvua ikinyesha alivua viatu."

Nikasukuma. Nimeona aibu, dada, na aibu hiyo ninayo hata sasa.

Neno la roho mbaya sijalisahau, liliniuma. Lakini baiskeli ni yako. Ukoo nitawaambia mwenyewe. Nimeiegesha jikoni, nami narudi kwa basi. Jumanne nitakuwa kwenye foleni ya Mtumba na wenzangu.

Mdogo wako,
Gideoni


Handali
Jumapili, 27 Aprili 2025

Gideoni,

Mama hajambo, anakusalimu. Mimi bado nina hasira.

Leo tumekwenda. Urefu umeupatia, kisigino kinakaa. Ila ngozi hukuweka, na ubao unamuumiza Mama, anaona haya kukwambia. Jumapili ijayo lete ngozi ya mbuzi. Usije na gari la mtu. Na uwahi, kwa sababu korongoni utasukuma wewe.

Dada yako,
Ruthu