Pete Iliyogoma Kidoleni kwa Asha

Baba Asha,

Asalaam alaykum. Kifua kimepoa, au bado unakohoa alfajiri? Na mguu wa mama je? Mie huku Kiembe Samaki mwili mzima, ila roho i mkononi. Anayekupa barua hii ni Asha mwenyewe. Pete utamwona nayo, usimkemee kabla hujasoma.

Salma, binti wa tajiri wangu, anachumbiwa. Juzi wanawake wa upande wa mume wakaja kumtazama, Salma kajifungia chumbani, hataki kuonwa. Tajiri wangu kwa kuogopa aibu akamvika Asha wetu nguo za Salma. "Apeleke sharubati tu, kisha arudi jikoni." Nkanyamaza, Baba Asha. Nliogopa kufukuzwa.

Asha akaingia na sinia. Mama wa kijana, Bi Zuwena, akamshika mkono, akamvisha pete papo hapo! Vigelegele, wakaondoka.

Pete haitoki. Sabuni, mafuta ya nazi, wapi! Kidole kimevimba. Salma anacheka mlangoni: "Haya bibi harusi, tupikie chai." Tajiri wangu, mama yake, kaapa, isipotoka kabla ya Ijumaa atasema Asha kaiba. Mwanangu, mwizi!

Jana nkajitia buibui, nkamchukua Asha mpaka kwa Bi Zuwena. Nkamwambia, "Bibi, huyu si Salma. Ni mwanangu mie, mpishi."

Akamshika Asha mkono, akaitazama pete. Kisha akasema, "Mie nimevisha kidole, sikuvisha jina. Baba yake anakaa wapi?"

Nkamtajia. Jumamosi anakuja huko Pemba na mwanawe. Hakucheka, hakukasirika, nami sikuthubutu kuuliza anafuata nini. Tajiri wangu bado hajui, wala hajui kama nimemtuma Asha kwako na pete. Akijua, sijui nitalala wapi.

Fagia uwanja, vaa kanzu. Wakija kwa shari, wakukute na heshima zako. Wakija kwa posa, usijibu mpaka umemuuliza Asha. Kijana aliwaleta wanawake siku ile, akabaki barazani, kamshukuru kwa sharubati, zaidi ya hapo Asha hanambii. Akiinama kimya, usiseme karidhi. Atamke mwenyewe. Mie nimenyamaza mara moja tu, tazama tulipofika.

Msalimie mama, mwambie dawa ya mguu ipo mkobani kwa Asha. Na shoga yangu mshona mikeka, aniombee dua.

Mkeo,
Mama Asha