Masatu, Nimekoroga Maji

Masatu rafiki yangu,

Nimelirudia jaribio lako. Ulipokuwa kitandani hospitalini ulinishika mkono ukasema, "Madam, wasije wakaitupa ile nikeli." Hawakuitupa. Tulipotoka kukuzika Nansio nilirudi shuleni hapa Buhongwa, nikafungua maabara, nikaikuta ndoo yako bado imezungushiwa vipande vya godoro kuzuia joto lisitoke, waya ya nikeli ikining'inia ndani.

Msimamo wangu unaujua. Kila chai ya saa nne tulibishana, wenzetu wakahama meza. Wewe ulisema haidrojeni ikishaingia ndani ya nikeli, elektroni zinajazana, viini vya atomi vinaacha kusukumana, vinaungana na kutoa joto. Mimi nikasema vingeungana kweli, mionzi ingeshakuua. Ukanijibu, "Nikeli inaisambaza hiyo nishati, Madam! Nyie watu wa kemia hamna imani."

Basi nikatia maji na chumvi yako, nikaunganisha betri. Joto likapanda. Likapita kiasi ambacho umeme ule ungeweza kutoa. Masatu, nilipiga kelele peke yangu mle ndani. Mimi, mpinzani wako, nikalia kwa furaha.

Halafu nikaona kipimajoto kimekaa karibu mno na waya. Nikachukua kijiti cha kioo, nikakoroga. Joto likashuka mpaka kiwango cha betri, likatulia hapo. Nikarudia tena na tena. Hivyo hivyo. Hakuna kiini kilichoungana na kingine. Maji yalikuwa hayajachanganyika, basi.

Natamani ungekuwepo ukasirike.

Jumapili nilivuka ziwa kwenda Nansio kwa mama yako. Nilimkuta anageuza samaki juu ya moshi, macho mekundu. Nikamwamkia, akaitikia kwa shida, akauliza, "Ule moto wa mwanangu usiotaka kuni umefikia wapi?"

"Haukuwepo, mama."

Aligeuza samaki mwingine. Kisha akasema, "Sasa siku zote hizo alikuwa anafanya nini?"

Nikavuta kigoda, nikakaa naye.

Huko duniani wanasayansi bado wanabishana. Nadharia zinaongezeka, mashine zao si kama ndoo yetu, lakini lile joto, wakilipima vizuri, linawaponyoka. Nasoma, nazima simu. Mwalimu mpya wa fizikia, aliyechukua nafasi yako, ni mtu mwema; nikimtajia nikeli, ananiuliza kama iko kwenye mtihani.

Pumzika, rafiki yangu. Kusema ulikuwa sahihi siwezi, hata kwa kukuonea huruma. Ila atakayekuita tapeli, atanikuta. Na kwa mama yako nitaendelea kwenda. Nitakaa naye pale kwenye moshi, na akiniuliza tena ulikuwa unafanya nini, nitamwambia sijui, mama, lakini nilikuwa naye.

Mbishi wako,
Madam Veronika