Nafasi Tatu Katika Mia

Nyumba za Wafanyakazi wa Hospitali,
Chumba Na. 14,
S.L.P. 417.

Tarehe 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kuanza barua, usije ukavimba kichwa. U hali gani? Mgongo unaendeleaje? Wifi hajambo? Na watoto, yule wa mwisho ameshaacha kukohoa? Sisi huku tu wazima. Mama anakula, analala na analalamika, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Mimi miguu inavimba nikisimama sana kazini, lakini hilo si geni. Katika barua yako ya mwezi uliopita hukumpa Mama hata shikamoo. Uliingia moja kwa moja kwenye hukumu, utadhani hakimu anayewahi chakula cha mchana.

Haya, hali nimekwisha kukujulia. Kaa kitako nikupe vidonge vyako.

Nilikuomba jambo moja tu. Nilikutumia nakala za ripoti za shule za mwanangu Chiriku, za miaka miwili, nikakuuliza, wewe unayefundisha hapo chuoni, kama mtoto mwenye alama za kawaida ana njia yoyote ya kuingia. Nilikwambia unieleze ukweli. Sikatai, nilisema hivyo kwa mkono wangu. Lakini niliyekuuliza ni mimi, na jibu ukalipeleka kwa Mama.

Hivi wewe umesahau barua za Mama zinasomwaje hapa nyumbani? Macho yake yana mtoto wa jicho, hajasoma mstari mwaka wa nne huu. Barua yako ikija inawekwa kabatini mpaka Jumamosi baada ya chakula, watu wote wakae, halafu msomaji ni Chiriku. Mwenyewe ulimsifu mara ya mwisho ulipokuja, ukasema anasoma vizuri kuliko watangazaji wa redio. Basi Jumamosi ile tulikuwepo mimi, mume wangu, Mama, na jirani yetu mshonaji ambaye hakosi kamwe. Chiriku akasimama katikati ya sebule akafungua bahasha.

Akasoma. "Kwa alama hizi, nafasi ya mpwa wangu ni tatu katika mia, na hizo tatu nimempa kwa sababu ni damu yetu. Mwambieni asichafue fomu ya watu."

Hakuruka neno. Mimi niliinuka nimnyang'anye karatasi, lakini Mama, na unajua masikio yake nayo yamechoka, akasema kama anavyosema kila Jumamosi, "Hapo sijasikia, mjukuu wangu. Rudia, tena kwa sauti." Na mtoto akarudia, kwa sauti. Tatu katika mia. Asichafue fomu ya watu. Mshonaji aliangalia kucha zake. Chiriku akamalizia mpaka salamu zako za mwisho, akaikunja barua, akampa bibi yake, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Loo, nilikuchukia siku ile! Naandika hivyo hivyo uisome. Nilikuchukia.

Sisemi mwanangu ni malaika. Kemia ana C, hisabati C, lugha C, na historia ana D ya uvivu mtupu, nimeshamsema mpaka nimekauka koo. Fizikia ana B. Sikukuomba uzigeuze ziwe A. Lakini ulihesabu herufi tano kwenye karatasi ukaona umemmaliza mtu. Hukuuliza hata swali moja. Anafanya nini akitoka shule? Hukuuliza. Fomu yenu yenyewe, ambayo nimeisoma mara mbili, ina kurasa mbili nzima za mwombaji kueleza kazi aliyowahi kuifanya. Wewe unayefundisha hapo hujui fomu ya chuo chako ina kurasa ngapi?

Acha nikueleze mimi, mfua mashuka. Pale kazini tuna mashine nne za kukamulia mashuka na blanketi. Ile ya pili ilikuwa inaharibu beringi kila baada ya wiki chache, na fundi wetu alibadilisha mpaka akakata tamaa. Chiriku alikuwa akija kunisubiri, akaanza kuandika kwenye daftari kila siku ilipokufa, nani alikuwa zamu, na kulikuwa na nini ndani. Mwaka mzima. Sisi tukamcheka. Mwisho akamwonyesha fundi kwamba inakufa siku za blanketi, kwa sababu zamu ya asubuhi tunazijaza upande mmoja tupate kuwahi chai. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa wajazaji! Tukaanza kuzigawanya, na mashine ile haijafunguliwa tena tangu mwezi wa saba. Kwenye ripoti zako hilo limeandikwa wapi?

Halafu nyani haoni kundule. Darasa la saba ulilirudia. Na hapo chuoni kwenu ulichukuliwa awamu ya pili, baada ya watu kadhaa kukataa nafasi zao, ukakaa hapa nyumbani wiki sita unalia chooni ukidhani hatusikii. Kuna aliyekupigia hesabu ya katika mia? Baba alikwambia ungoje, basi. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, lakini wewe njaa hiyo uliila kwenye sahani moja na mimi.

Baada ya Jumamosi ile mtoto tuliyemwita Chiriku kwa kelele zake akawa bubu. Kwa fundi haendi tena. Fomu niliikuta chini ya godoro, imejazwa jina tu. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja dirisha la maombi lifungwe, na hiki cha kwenu ndicho chuo pekee chenye masomo ya mashine anayoyataka; akikosa kuomba mwaka huu, anaingia kufua na mimi. Mume wangu alimbembeleza. Mimi nikafoka, kisha nikalia, kisha nikafoka tena. Wapi!

Aliyemwamsha ni Mama, na hakumbembeleza. Alikuwa ametafuna maneno yako wiki nzima. Asubuhi moja akamwita, akamuuliza, "Watu mia wakisimama mlangoni, watatu wanaingia, sivyo?" Mtoto akasema ndivyo. "Na wewe hata kusimama hujasimama. Sasa hiyo hesabu ya mjomba wako inakuhusu nini?" Akamrudisha jikoni akalete chai.

Siku mbili baadaye nikaona taa ya mezani inawaka na daftari limefunguliwa. Sikuuliza. Wakati mwingine hata mimi najua kunyamaza.

Sasa fungua masikio. Fomu imeondoka Alhamisi, siku moja kabla ya mwisho. Nilimsindikiza posta, na kabla hajafunga bahasha akanipa niisome kama kuna makosa. Kuhusu mashine ameandika vizuri mpaka nilijisikia vibaya kwa kumcheka. Ukurasa wa mwisho mnataka jina la mtu mzima anayemfahamu mwombaji vizuri, mtakayeweza kumuuliza habari zake. Mdogo wangu, nafasi hiyo ilikuwa yako. Tangu kidato cha kwanza mtoto huyu alikuwa akijigamba kwa wenzake kwamba hapo ataandika jina la mjomba wake wa chuoni. Ameandika jina la fundi. Nikamuuliza, "Na mjomba wako je?" Alinijibu bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma.

"Mama, wameomba mtu anayenifahamu."

Akalamba gundi akafunga.

Sina la kuongeza. Wakimkataa, atakataliwa na watu wasiomjua, na hao tutawasamehe. Nisalimie wifi yangu sana, huyo hana kosa. Wabusu watoto, waambie shangazi yao anawakumbuka. Mama anakusalimu, nilimuuliza nikuandikie nini, akasema nikwambie ule vizuri. Mume wangu naye anakusalimu, ingawa alitaka nisiipeleke barua hii. Mungu akuzidishie afya, akupunguzie maringo.

Mimi dada yako, niliyekupenda kabla hujajua kusoma.